Jina la biashara mtandaoni: Namna ya kulichagua, kulisajili na kulilinda lisikuponyoke

JIRANI yangu mmoja, mama anayeshona na kuuza sare za shule, aliamka asubuhi moja ya Januari, msimu ambao wazazi humiminika dukani kwake, akapata kwamba tovuti yake imetoweka.

Mahali palipokuwa na picha za sweta na sketi palikuwa na maandishi machache ya Kiingereza yaliyotangaza kwamba jina la tovuti hiyo linauzwa.

Kwa miaka sita mama huyo alikuwa amelichapisha jina hilo kwenye risiti, kwenye lebo za nguo na kwenye ubavu wa gari lake la kusambazia bidhaa. Anwani ya barua pepe ambayo walimu wakuu walitumia kumwagizia sare ilikuwa ya jina lilo hilo, nayo pia ilinyamaza ghafla.

Alipoulizauliza, aligundua jambo ambalo hakuwahi kuliwazia. Jina halikuwa lake. Kijana aliyemtengenezea tovuti alilisajili kwa jina lake mwenyewe na kwa barua pepe yake mwenyewe. Kijana huyo alipohamia ng'ambo, hakuna aliyelipa ada ya mwaka.

Kufikia wakati mama alipopata habari, jina lilikuwa limetwaliwa na mtu asiyemjua, ambaye alidai pesa ambazo zingetosha kununua cherehani mbili.

Kisa hiki si cha pekee. Wafanyabiashara wengi wadogo hutumia siku nyingi kuteua rangi ya kibao cha duka, lakini jina la duka hilo mtandaoni humwachia yeyote aliye karibu na kompyuta. Makala haya yanaeleza jina hilo ni kitu gani, huchaguliwa vipi, husajiliwa wapi na hulindwa kwa njia gani.

Jina la kikoa ni nini?

Kila kompyuta iliyounganishwa na mtandao wa Intaneti hutambuliwa kwa nambari. Binadamu hawezi kukariri nambari hizo, kama ambavyo wengi wetu hatukumbuki nambari za simu za jamaa zetu. Tunabonyeza jina, nayo simu inaitafuta nambari.

Jina la kikoa, ama domeni kama wengi wanavyoliita, hufanya kazi iyo hiyo. Mteja anapoandika jina la biashara yako, mtandao huligeuza kuwa nambari na kumfikisha kwenye kompyuta iliyohifadhi tovuti yako.

Mfumo huu ulibuniwa mwaka wa 1983 na mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Paul Mockapetris. Kabla ya hapo, majina ya kompyuta zote za mtandao yaliwekwa katika orodha moja tu, na kila kompyuta mpya ilipojiunga ilibidi orodha hiyo ifanyiwe marekebisho. Jina la kwanza linaloishia kwa .com kusajiliwa, symbolics.com, liliandikishwa Machi 15, 1985.

Ni muhimu kutofautisha mambo matatu ambayo huchanganywa sana. Jina la kikoa ni kama kibao kinachoelekeza watu dukani. Tovuti ni duka lenyewe na bidhaa zilizopangwa ndani. Uhifadhi wa tovuti ni ploti ambayo duka limejengwa juu yake.

Vitu hivi vitatu vinaweza kulipiwa kwa kampuni moja ama kwa kampuni tatu tofauti. Unaweza kulivunja duka na kujenga jingine, ama kuhamia ploti nyingine, na kibao kikabaki kile kile. Lakini kibao kikiibwa, wateja hawatajua uliko hata kama duka lingali limesimama.

Kwa nini usitosheke na Facebook?

Wapo wanaouliza iwapo kuna haja ya gharama hii ilhali wateja wanapatikana bila malipo kwenye Facebook na WhatsApp. Swali hilo ni la haki, na kwa mama mboga anayewajua wateja wake wote kwa majina, pengine jibu ni kwamba hana haja.

Hata hivyo, ukurasa wa mtandao wa kijamii ni kibanda kwenye uwanja wa mtu mwingine. Mwenye uwanja anaweza kubadilisha masharti ama kuufunga ukurasa wako, nawe huna wa kumlilia. Jina la kikoa nalo huweza kuhamishwa kutoka kampuni moja hadi nyingine likiwa bado lako.

Aidha, kuna suala la heshima. Afisa wa ununuzi wa shule au hospitali anapopokea bei ya bidhaa kutoka kwa barua pepe yenye jina la biashara, humchukulia mwenye biashara kwa uzito kuliko anapopokea barua kutoka kwa anwani ya bure ambayo hata tapeli anaweza kuifungua kwa dakika tano.

Iwe .co.ke, .ke ama .com?

Jina la kikoa husomwa kutoka kulia. Herufi za mwisho ndizo ukoo, na zilizotangulia ni jina la mwana. Herufi .ke ni za Kenya, na zimekuwepo tangu mwaka wa 1993. Daftari la majina yote yanayoishia kwa .ke hutunzwa na shirika lisilo la faida liitwalo KENIC, lenye makao yake Nairobi.

Chini ya .ke kuna matawi. Tawi la .co.ke ni la biashara, .or.ke ni la mashirika yasiyo ya faida, na .me.ke ni la watu binafsi. Matawi ya .go.ke, .ac.ke na .sc.ke ni ya serikali, taasisi za elimu ya juu na shule mtawalia, na hayagawiwi ovyo. Anayeyaomba hutakiwa kuthibitisha yeye ni nani.

Tangu mwaka wa 2017 imewezekana pia kusajili jina moja kwa moja chini ya .ke bila kupitia tawi lolote. Jina la aina hiyo ni fupi na linapendeza, lakini kwa kawaida ada yake ni ya juu kuliko ya .co.ke.

Majina ya .com na jamaa zake husimamiwa kimataifa na shirika la ICANN, lililoundwa mwaka wa 1998 nchini Marekani. Ada ya .com huwa takriban dola 10 hadi 20 kwa mwaka, na kwa kuwa inakokotolewa kwa dola, hupanda kila shilingi inapoteleza.

Ushauri wa kawaida ni huu: iwapo wateja wako ni Wakenya, anza na .co.ke. Mteja wa Kisii au Malindi akiiona, anajua papo hapo kwamba biashara ni ya nyumbani. Ada yake ya mwaka huwa elfu moja na ushei, na mara nyingine mawakala huishusha hata chini ya hapo ili kuwavutia wateja wapya.

Iwapo unauza vinyago kwa watalii ama kahawa kwa wanunuzi wa Ulaya, .com inafaa. Mwenye uwezo achukue zote mbili, ili .com impeleke mteja kwenye .co.ke, ama kinyume chake. Anayefanya biashara kupitia Namanga naye akumbuke kwamba Tanzania ina herufi zake, .tz, na kwamba kuwa na .co.ke hakumpi haki yoyote juu ya .co.tz.

Kuchagua jina

Wahenga waliamba kwamba jina jema hung'ara gizani. Mtandaoni, jina jema ni lile ambalo mtu akilisikia mara moja anaweza kuliandika bila kukosea.

Njia rahisi ya kulipima ni simu. Mpigie rafiki aliye katika kituo cha matatu chenye kelele, umtajie jina, kisha umwombe akuandikie kwa ujumbe mfupi. Akikuuliza, "Ni kwa S ama kwa Z?" ama "Hiyo mbili ni herufi ama nambari?" tafuta jina jingine.

Sheria za mfumo wenyewe ni chache. Jina huandikwa kwa herufi, tarakimu na kistari. Kistari hakiruhusiwi mwanzoni wala mwishoni, nafasi haziruhusiwi kabisa, na sehemu moja ya jina haipaswi kupita herufi 63. Herufi kubwa na ndogo hazitofautishwi.

Sheria hizo zina athari kwa lugha zetu. Kibainishi, kile kialama cha juu kinachofanya ng'ombe asiwe ngombe, hakikubaliki. Mwenye biashara iitwayo Ng'ambo au Ng'ang'a ajue kwamba jina lake litapoteza alama hizo, na ajiulize mapema iwapo wateja watalitambua likiwa limenyolewa hivyo.

Kukosekana kwa nafasi nako kuna mitego. Chukua mfano wa muuzaji wa maua anayefungua duka wakati wa machweo na kuliita Maua Jioni. Maneno hayo yakiunganishwa yanakuwa mauajioni, na jicho la msomaji huona "mauaji" kabla ya kuona maua. Kabla ya kulipa, andika jina lako bila nafasi, kwa herufi ndogo, umpe mtu asiyelijua alisome kwa sauti.

Kistari hakipendekezwi, kwa sababu watu husahau kukiandika na wanaosahau huishia kwa mshindani wako. Tarakimu pia zina kasoro hiyo. Tahajia za kujionyesha, kama vile kuongeza herufi z mahali pasipohitajika, hupendeza kwenye fulana lakini humchosha mteja.

Isitoshe, usijifunge kwa bidhaa moja ama mtaa mmoja iwapo una ndoto ya kukua. Anayejiita muuzaji wa viatu vya Thika atapata taabu siku atakapoongeza mikoba na kufungua tawi Eldoret. Kwa upande mwingine, jina pana mno, mathalani bidhaa bora, halimwelezi mteja chochote.

Chunguza kabla ya kulipa

Ukishapata majina matatu unayoyapenda, yachunguze katika sehemu nne. Kwanza, tovuti ya KENIC au ya wakala yeyote itakuonyesha mara moja kama jina lingali huru.

Pili, angalia daftari la majina ya biashara na kampuni linalotunzwa na Huduma ya Usajili wa Biashara, yaani BRS, kupitia eCitizen. Tatu, angalia alama za biashara zilizosajiliwa katika taasisi ya KIPI. Nne, tafuta jina hilo kwenye mitandao ya kijamii.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kusajili jina la biashara serikalini hakukupi jina la kikoa, na kulipia jina la kikoa hakukufanyi mmiliki wa alama ya biashara. Haya ni madaftari matatu tofauti, na anayetangulia katika moja anaweza kuwa wa mwisho katika jingine.

Kuchukua jina linalofanana na la kampuni maarufu ni kujitafutia balaa. Mnamo 2003 kijana wa Canada aitwaye Mike Rowe alisajili MikeRoweSoft.com kwa kucheza na jina lake. Kampuni ya Microsoft ilimjia juu kwa kuwa jina hilo likitamkwa linafanana na lake, na mwaka uliofuata walipatana, kijana akaliachilia.

Nchini Kenya, kifungu cha 28 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 kinamharamishia mtu kutumia kwa makusudi jina la biashara, alama ama kikoa cha mwenzake mtandaoni bila idhini wala haki. Adhabu ni faini isiyozidi Sh200,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, ama zote mbili.

Hatua za usajili

Mwananchi hasajili jina moja kwa moja kwa mtunza daftari. Hupitia kwa wakala aliyeidhinishwa, na orodha ya mawakala wa .ke imo kwenye tovuti ya KENIC. Jihadhari na anayedai kuwa wakala ilhali hayumo. Huenda ni dalali anayenunua kwa wakala na kukuuzia kwa bei ya juu.

Kabla ya kumchagua wakala, muulize maswali matatu. Ada ya mwaka wa pili ni kiasi gani? Wengi hutangaza bei ya chini mno ya mwaka wa kwanza, kisha hupandisha. Je, nikitaka kuhamia kwa wakala mwingine, nitapewa msimbo wa kuhamisha jina bila vikwazo? Nikikwama, kuna mtu wa kupokea simu?

Baada ya hapo, kazi yenyewe haichukui hata nusu saa. Unafungua akaunti, unaandika jina ulitakalo, unajaza maelezo ya mmiliki, kisha unalipa, mara nyingi kwa M-Pesa.

Kwa majina ya .com, utatumiwa barua pepe ya kuthibitisha anwani yako. Usiipuuze. Usipothibitisha ndani ya siku 15, jina linaweza kusimamishwa, na tovuti yako izimike kabla haijapata mteja wa kwanza.

Nani mwenye jina?

Hili ndilo swali lililomponza jirani yangu. Katika daftari, mwenye jina si anayelitumia wala anayemlipa fundi, bali ni yule aliyeandikwa katika nafasi ya mmiliki.

Hakuna ubaya fundi akikusaidia kusajili. La muhimu ni kwamba jina lako, ama la kampuni yako, liandikwe kwenye nafasi ya mmiliki, na akaunti iwe yako. Fundi anaweza kuandikwa kama mhusika wa mambo ya kiufundi, na hiyo yamtosha.

Barua pepe unayoandikisha isiwe ya kikoa icho hicho. Jina likikatika, barua pepe zake hukatika pia, na ilani ya kukuonya haitakufikia. Ni sawa na kuufungia ufunguo ndani ya nyumba. Tumia anwani nyingine unayoifungua kila siku, na isiwe ya mfanyakazi ambaye kesho anaweza kuacha kazi.

Nenosiri la akaunti liwe refu na lisitumike kwingineko. Wakala akitoa huduma ya kuthibitisha kwa msimbo unaotumwa kwenye simu, ikubali. Na kama biashara ni ya familia, andika mahali salama jina la wakala na namna ya kuingia, ili Mungu akikuita watoto wasipoteze ulichokijenga.

Iwapo tayari una tovuti, usingoje. Mwombe fundi wako leo akuonyeshe maelezo ya mmiliki. Kama jina lako halimo, dai marekebisho wakati mngali mnaelewana, maana siku ya ugomvi hakuna anayekumbuka fadhila.

Kodi isiyosahaulika

Tunazoea kusema tumenunua jina, lakini kwa hakika tumelikodi. Hulipiwa kwa mwaka mmoja ama zaidi, kwa.com, mwisho ni miaka 10 kwa mpigo. Kodi isipolipwa, mpangaji hutolewa.

Hata wakubwa husahau. Wakati wa Krismasi mwaka wa 1999, Microsoft ilipitiwa na siku ya kulipia passport.com, jina lililotegemewa na huduma yake ya barua pepe ya Hotmail. Watumiaji wengi walishindwa kufungua barua zao hadi mtaalamu mmoja wa kompyuta, Michael Chaney, alipoamua kulipa mwenyewe dola 35 zilizohitajika.

Jina la .com likipita muda wake, wakala anaweza kukupa hadi siku 45 za kulipa. Akilifuta, kuna siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku tano za mwisho ambazo hakuna la kufanya. Baada ya hapo jina ni la atakayewahi, na wapo wanaotumia kompyuta kuyanyemelea majina kama hayo usiku na mchana.

Masharti ya .ke yana hesabu yake, hivyo muulize wakala wako. Lililo salama ni kulipia miaka miwili au mitatu pamoja, kuiandika tarehe kwenye kalenda ya ukutani, na kulipa mwezi mmoja kabla.

Matapeli

Ukishasajili, tarajia barua za ajabu. Baadhi hufanana na ankara na hukutaka ulipe haraka jina lisipotee. Ukisoma kwa makini utaona zimetoka kwa kampuni ambayo hujawahi kufanya kazi nayo. Mlipe wakala wako tu, tena kwa kuingia mwenyewe kwenye akaunti, wala si kwa kubonyeza kiungo kilichotumwa.

Nyingine hudai kwamba kuna kampuni Uchina inayotaka kusajili jina lako huko, na kwamba unaweza kuizuia ukilipa upesi. Nia yake ni kukuuzia majina usiyoyahitaji. Zifute.

Ukishanyang'anywa

Iwapo mtu amechukua jina lako la .com kwa hila, kuna utaratibu wa kimataifa wa usuluhishi ulioanzishwa mwaka wa 1999. Mlalamishi hana budi kuthibitisha mambo matatu: kwamba jina linafanana na alama yake ya biashara, kwamba aliyelichukua hana haki nalo, na kwamba alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya.

Lakini haki hiyo ina bei. Katika shirika la WIPO, kesi ya msuluhishi mmoja hugharimu dola 1,500, mbali na malipo ya wakili. Majina ya .ke yana utaratibu wake wa kusuluhisha mizozo, na mlango wa kwanza wa kubisha ni kwa wakala, kisha KENIC.

Jirani yangu hakuwa na alama ya biashara iliyosajiliwa, wala jina halikuibwa, liliachwa likaokotwa. Alimeza machungu, akasajili jina jipya la .co.ke, safari hii kwa mkono wake mwenyewe, mjukuu akiwa ameketi kando.

Ilimbidi apake gari rangi upya, achapishe lebo nyingine, na azipigie simu shule moja baada ya nyingine kuzipa anwani mpya. Baadhi hazikurudi. Siku hizi tarehe ya kulipia jina imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye ukuta wa duka lake, juu kidogo ya cherehani, mahali ambapo kila anapoinua macho ataiona.